Bi Sindano, Rula na Kitabu cha Dini Mbili

Karakana yao ilikuwa ghorofa ya chini, kati ya duka la miwani na ngazi za kupandia kwa daktari wa meno, kwa hiyo watu wengi waliofika pale mara ya kwanza walikuwa wameshika shavu na kuulizia njia. Bi Sindano aliwaelekeza bila kuinua macho kwenye kazi yake.

"Panda juu, mlango wa pili. Ukisikia mtu anaguna, umefika."

Kazi yake ilikuwa kujalidi vitabu. Alikunja karatasi, akazitoboa mgongoni kwa msharasi wake wenye ncha kali, akazishona, akazipaka gundi, akazivika jalada. Mwenzake alikata na kupima. Huyo alikuwa mwanamume mwembamba wa miaka hamsini na minane, na mji mzima ulimwita Rula kwa sababu hakuamini kipimo chochote mpaka akirudie mara tatu. Hata kikombe cha chai akikitua mezani, alikisogeza kidogo kilingane na ukingo.

Ndani ya karakana kulikuwa na sheria moja ambayo haikuandikwa popote: ngozi ya kujalidia ni ya mbuzi. Rula ni Mhindu, ngozi ya ng'ombe haigusi. Bi Sindano ni Mwislamu, ya nguruwe hataki hata isogezwe mlangoni. Mwaka wao wa kwanza muuza ngozi aliwaletea sampuli za wanyama wote, akazitandaza juu ya meza kama mtu anayepanga karata. Rula alisukuma moja upande huu, Bi Sindano akasukuma nyingine upande ule, wakatazamana.

"Basi mbuzi," alisema Rula.

"Mbuzi hana dini," alisema Bi Sindano, na mjadala ukafungwa. Kwa miaka ishirini na sita iliyofuata, hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao marefu kuliko yote kuhusu dini.

Si kwamba walikuwa wamenuniana. Walipendana kama ndugu na waligombana kama ndugu. Walikutana ujanani katika kiwanda kikubwa cha uchapaji. Bi Sindano alifika pale akiwa na miaka kumi na saba, baada ya kuacha shule darasa la saba ili amuuguze mama yake, akawekwa kwenye meza ndefu ya wasichana kumi wa kukunja karatasi. Jina la Bi Sindano alilipata hapohapo, kwa kuwa aliweza kutia uzi kwenye tundu la sindano huku akimsimulia jirani yake kisa na kumtazama usoni. Rula alikuwa kwenye mashine ya kukatia. Kisha mwenye kiwanda akanunua mashine moja iliyokunja, ikashona na kugundisha peke yake, na wote wakaagwa siku moja kwa mkono wa heri na barua fupi. Bi Sindano alikuwa na mtoto mchanga, na mume dereva wa lori ambaye alionekana nyumbani kama mwezi mwandamo. Juma moja baadaye Rula alibisha hodi, rula yake ya chuma ameiviringisha kwenye kitambaa.

"Dada," alisema, "kuna vitabu ambavyo mashine haiviwezi. Vilivyochanika. Vilivyozeeka. Vya watu mia tatu tu. Hivyo nani atavishona?"

Vilishonwa. Misahafu ya madrasa, daftari za hospitali, kamusi zilizopoteza herufi ya mwisho, tasnifu za wanafunzi wa chuo waliofika wakihema siku ya mwisho. Bi Sindano alikuwa ameshika mikononi vitabu vingi kuliko profesa yeyote, lakini alivijua kwa nje. Alijua uzito wake, harufu yake, na jinsi uzi unavyokaza mgongoni. Kusoma ni kazi ya mwenye kitabu, ndivyo alivyoona.

Siku za kazi alisali adhuhuri kwenye pembe nyuma ya rafu, akielekea dirishani. Rula alikuwa na sanamu ndogo ya shaba ndani ya kabati lake, ndefu kama kidole gumba, na kila asubuhi aliiwekea ua moja. Taa ya ibada hakuiwasha, kwa kuhofia moto kwenye karatasi na gundi. Rula alipomwona mwenzake anatandika mswala alipunguza sauti ya redio. Naye Bi Sindano alipoona ua limenyauka alilitoa, akalitupa, asiseme neno. Kila mmoja alikuwa na maswali tele juu ya mwenzake na hakuyauliza, kwa kuona haya. Adabu nzuri, ila ndiyo iliyokuja kuwaponza.

Jumanne moja asubuhi mwalimu mmoja wa historia alileta kazi. Alikuwa mama wa makamo, mwenye haraka, mkoba begani, tiketi ya safari mkononi. Alikuwa ameandika kitabu kidogo cha kurasa sitini na nne kwa ajili ya wanafunzi wake, cha kulinganisha Uhindu na Uislamu: dini hizo zilitoka wapi, zinaamini nini. Nakala mia tatu. Karatasi zilikuwa zimekwisha chapwa na zimefika nyuma yake kwenye mkokoteni.

"Mimi naenda semina, narudi Alhamisi alasiri," alisema. "Ijumaa asubuhi wageni wa elimu wanakuja shuleni, nataka kila mwanafunzi awe na chake. Tafadhalini sana."

"Ijumaa utavipata," alisema Rula.

Mwalimu akaondoka. Bi Sindano akachukua karatasi ya kwanza, akaikunja mara mbili, akalaza mkunjo kwa kipande chake cha mfupa. Karatasi kama ile ikikunjwa hutoa kurasa nane. Kulikuwa na aina nane za karatasi, maana yake mikunjo minane, na kazi ya mjalidi ni kuipanga kwa kufuatana kabla ya kushona. Hilo hufanywa kwa kutazama namba za kurasa. Aligeuza mkunjo chini, akautazama juu, akaupeleka kwenye mwanga.

"Kaka, namba ziko wapi?"

Rula akachukua mwingine. Akachukua wa tatu. Namba hazikuwapo hata moja.

Walimpigia mpiga chapa. Alikuwa mtu mchangamfu, na habari mbaya alizisema kwa sauti ileile ya nzuri. Ni kweli, alisema, namba zimesahaulika, naye amelijua hilo baada ya kuchapa. Faili? Faili alilifuta ili apate nafasi kwenye kompyuta. "Lakini kitabu chenyewe ni kizuri," aliwafariji. Walimpigia mwalimu. Simu yake ilikuwa imezimwa, na ikabaki hivyo.

"Basi tutasoma," alisema Rula. "Tutafuata maneno. Mwisho wa mkunjo mmoja utaungana na mwanzo wa mwingine."

Ilionekana kazi ya dakika kumi. Mkunjo wa kwanza ulijulikana, ulikuwa na jina la kitabu na utangulizi. Ulimalizika hivi: "Tuanze na dini iliyo kongwe zaidi. Wafuasi wake husema kwamba ilianza". Hapo ukurasa ulikwisha. Miongoni mwa mikunjo saba iliyobaki, mmoja ulianza na maneno "kabla ya historia kuandikwa, wala haina mwanzilishi", na mwingine ulianza na "tangu Adamu, baba wa watu wote".

Bi Sindano aliishika yote miwili. "Adamu," alisema. "Kabla ya Adamu kulikuwa na nani wa kuwa na dini?"

Rula alikohoa. Alijua kwamba dini yake huhesabiwa kuwa ya zamani mno, lakini kumwambia dada yake kwamba ya kwako ni mtoto kwa yangu, hilo halikumtoka kinywani. "Sawa, dada. Mtangulie ninyi."

Bi Sindano naye akaingiwa na aibu. "Hapana, kaka. Tangulieni ninyi, wewe ndiye mkubwa kwa umri."

"Mgeni hutangulizwa."

"Mgeni nani hapa?"

Walivutana kwa heshima hivyo robo saa nzima, mpaka Rula akashinda kwa kunyamaza na Adamu akatangulia. Uungano wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Mkunjo ulimalizika "Kwa hiyo Mungu ni mmoja," na Bi Sindano akanyoosha mkono mara moja kuchukua ule ulioanza "hana mshirika, hachorwi wala hachongwi". Rula alikuwa amekwisha kushika ule ulioanza "ila humdhihirikia mtu kwa sura nyingi".

"Mmoja ni wetu," alisema Bi Sindano kwa upole. "Ninyi mnao wengi."

Rula akaurudisha mkunjo mezani. "Kama wewe unaona hivyo, dada."

Basi wakapanga hivyo, kwa kuoneana haya, na yale ya kufa na kufufuka wakayapanga vivyo hivyo. Kufikia jioni walikuwa wameshona nakala arobaini. Rula alizipima unene, zikalingana zote, akaridhika.

Jumatano alfajiri, baada ya sala, Bi Sindano aliketi mezani jikoni akisubiri maji yachemke. Alikuwa amebeba nakala moja ili mume wake, aliyerejea usiku huo kutoka safari, aione kazi. Mume alikuwa bado amelala. Akakifungua mwenyewe, akaanza kusoma polepole, kidole chini ya mstari. Maji yalichemka, yakachemka tena, yakaanza kukauka. Kitabu chake kilisema kwamba Mwislamu akifa, roho yake huingia mwili mwingine kulingana na matendo yake, na huenda akarudi duniani mara nyingi mno. Akafungua mbele. Mhindu naye alikuwa amefufuliwa, amesimama siku ya hukumu, anangoja kupewa kitabu cha matendo yake.

Alifika karakana kabla ya fundi wa miwani kufungua. Rula alisoma kurasa alizoonyeshwa, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Mabega yakaanza kumtikisika. Bi Sindano alidhani analia.

"Dada," alisema alipoweza kusema, "umenipeleka Kiyama."

"Na wewe umenirudisha duniani sijui mara ngapi. Na magoti yangu haya."

Walicheka mpaka mgonjwa mmoja wa meno akachungulia mlangoni na kudhani hapo ndipo. Kisha wakakaa chini kufumua. Nakala arobaini, kila moja nyuzi tano. Kufumua hakuhitaji akili, na mikono ikiwa na kazi mdomo hupata ujasiri.

"Kaka," alisema Bi Sindano, akikata uzi, "nikuulize kitu ambacho nilipaswa kukuuliza miaka ishirini iliyopita."

"Uliza."

"Yule wa kwenye kabati. Wewe unaona ndiye Mungu mwenyewe?"

Rula hakukasirika. Alifikiri. "Yule nilimnunua sokoni, dada. Najua duka. Ile ni shaba. Lakini nikiitazama, moyo wangu unatulia mahali pamoja. Mama hutuambia Mungu ni mmoja, ndiye asili ya kila kitu, hana mwisho. Ila mtu hawezi kukumbatia kisicho na mwisho, kwa hiyo humwendea kwa sura anayoipenda. Wengine sura hii, wengine ile. Wako pia Wahindu wasiotumia sanamu kabisa." Akavuta uzi. "Zamu yangu. Kwa nini huelekea dirishani? Siku zote nilidhani ni kwa ajili ya upepo."

Bi Sindano akatua mkasi. "Miaka yote hiyo?"

"Kiangazi hasa ilileta maana."

Akamweleza habari ya kibla: kwamba Waislamu wote duniani huelekea nyumba moja iliyoko Makka, wawe wamoja katika safu, na kwamba anayesujudiwa si nyumba wala jiwe lake. Rula alitikisa kichwa taratibu.

"Nami nilifikiri humo ndani yumo Mtume wenu, mnamwabudu."

"Astaghfirullah," alisema Bi Sindano kwa sauti ya chini. "Mtume ni mtu, kaka. Alizaliwa, akaoa, akafanya biashara, akafa. Tunampenda kuliko nafsi zetu, lakini ni mja na mjumbe. Ukimwabudu yeye, umetoka kabisa kwenye dini aliyoileta."

"Basi nilikuwa mbali."

"Ulikuwa nje ya ramani."

Saa nne akaingia kaka yake mkubwa Bi Sindano, maalimu wa madrasa, kuchukua misahafu aliyoileta kutengenezwa. Alikuwa mnene, mcheshi, mwenye kupenda kukaa akishaona kiti. Walimpa kiti na swali la Adamu.

"Hapo mmekwama kwa sababu maswali ni mawili," alisema maalimu. "Ukimuuliza mwanahistoria, Uislamu ulianza Makka, karne kumi na nne zilizopita. Mtume Muhammad, rehema na amani zimshukie, alikuwa na miaka arobaini, akijitenga pangoni kutafakari, wahyi ukaanza kumshukia. Mahali panajulikana, mtu anajulikana, hata mwaka tunaujua. Lakini ukiniuliza mimi ninachoamini, nitakuambia hakuleta dini mpya. Alikuja kukumbusha ileile ya Adamu, Nuhu, Ibrahimu, Musa na Isa. Ndiyo maana kitabu kimesema 'wafuasi husema'."

"Na hili la Mungu mmoja?" aliuliza Rula. "Nilitaka kusema kwamba hata sisi, kwa undani, ni mmoja."

Maalimu alimtazama kwa makini, kama mtu anayetaka kujibu vizuri. "Nimesikia hivyo, na ni heri niyasikie kwako. Ila kwetu sisi, umoja huo haukubali sura yoyote kabisa, hata ya kusaidia moyo. Hapo ndipo njia zinapoachana, ndugu yangu. Si vibaya kujua ziliachana wapi. Vibaya ni kujidai haziachani, halafu watu wakagongana njia panda."

Akabeba misahafu yake, akasahau kofia, akairudia, akasahau mwavuli.

Sehemu ya Uislamu sasa ilipangika. Ya Kihindu ilikuwa bado, kwa maana Rula mwenyewe alikiri kwamba ujuzi wake una matundu. "Mimi nimefunzwa kwa kufuata," alisema. "Nilipiga magoti walipopiga magoti. Hakuna aliyenipa mtihani." Alasiri wakafunga mlango, wakaenda kwa mama yake, mitaa miwili kutoka pale.

Mama yake Rula alikuwa na miaka themanini na mmoja. Macho yalikuwa yameanza kumwacha, ulimi bado. Walimkuta na mpira wa sufu mapajani, anafuma soksi ya kitukuu kwa kupapasa.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Huyu mwanangu kakukosea nini hata umekuja siku ya kazi?"

Walimweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, "Miaka ishirini na sita mmekaa chumba kimoja. Mlikuwa mnaongea nini?"

"Gundi," alisema Rula.

Alicheka, kisha akaanza, huku sindano za kufumia zikigongana. Hakuna mtu, alisema, aliyeamka asubuhi moja akatangaza kwamba leo naanzisha Uhindu. Hata hilo jina wamepewa na majirani. Kuna mto unaitwa Sindhu. Waajemi wa kale walipoutamka ukawa Hindu, na watu waliokaa ng'ambo yake wakabatizwa hivyo. Wenyewe huiita njia ya milele. Wenye hekima wa zamani walizisikia nyimbo takatifu, wakawafundisha wanafunzi kwa mdomo, na hao wakawafundisha wengine, karne kwa karne, kabla mtu hajashika kalamu. Kwa hiyo mwanzo wake ukiutafuta ni kama kutafuta ncha ya uzi ndani ya mpira ule aliokuwa nao mapajani: upo labda, lakini umo ndani sana. Wataalamu husema ni zaidi ya miaka elfu tatu.

"Ndiyo maana ikatangulia kwenye kitabu," alisema Bi Sindano. "Kaka, ulilijua hilo jana?"

"Nililijua."

"Ukaniachia?"

"Ulikuwa umemshika Adamu kwa nguvu."

Bi Sindano akauliza la kuzaliwa upya. Alisema kwamba siku zote alidhani Wahindu wanalifurahia, kwamba ni kama kupewa zawadi ya maisha ya pili, ya tatu, ya kumi. Yule bibi akatua sufu.

"Tufurahie nini, mwanangu? Nani anataka kuota meno mara ya pili? Shule tena, ukwe tena, kuumwa tena? Tunarudi kwa sababu ya matendo yetu, kama mtoto anayerudishwa darasa. Tunachokiomba ni kutoka. Roho ifunguliwe, isirudi tena. Hiyo ndiyo moksha."

"Sisi tunaishi mara moja," alisema Bi Sindano. "Mtihani mmoja, hakuna kurudia. Mtu akifa anasubiri kaburini mpaka siku ya kufufuliwa, kisha anasimama mbele ya Mola wake. Ni pepo au moto, na rehema Yake ni kubwa."

"Mara moja tu?" Bibi alishangaa kweli. "Na mambo yalivyo mengi."

"Ndiyo maana tunasali mara tano. Muda hautoshi."

Bibi akaiokota sufu yake. "Lakini matendo hayapotei," alisema.

"Hata chembe," alisema Bi Sindano.

"Hapo angalau mwanangu hakukosea kuketi na wewe."

Alhamisi asubuhi hawakuhangaika hata kidogo. Bi Sindano alisoma mwisho wa kila mkunjo kwa sauti, na Rula akatafuta mwenzake. Mara nyingine alikuwa Rula anayesema, "Hapana, hiyo ni hukumu, hiyo ni yenu, weka baada ya kaburi," na mara nyingine Bi Sindano, "Hili la kuzaliwa tena litangulie, kisha ndipo waje kufunguliwa." Walifikia mahali pamoja palipowashinda. Mkunjo ulimalizika "Matendo ya mtu hayapotei;" na mikunjo miwili ikakubali kuufuata, mmoja ukisema "humfuata kama kivuli", mwingine "yameandikwa yote". Waliisoma yote miwili mara tatu, hatimaye wakaangalia kilichofuata chini zaidi, wakamkuta Malaika kwenye mstari wa sita, na Bi Sindano akauchukua wake.

Kisha ikawa kazi. Alishona kama alivyoshona akiwa msichana, uzi ukiingia na kutoka bila kutazamwa, na Rula akakata kingo. Katikati ya haraka Bi Sindano alitaka kukata jalada kwa kukadiria, Rula akamkataza, yeye akakata hivyohivyo, likapinda. Akainyooshea mkono rula bila kumtazama mwenyewe. Rula akampa, akasema, "Baniani mbaya, rula yake dawa." Mithali hiyo ya viatu aliifahamu tangu utotoni, alitaniwa nayo shuleni, na sasa yeye ndiye aliyependa kuitia mwenzake kinywani. Bi Sindano akakata sawasawa, akamwambia anyamaze.

Mwalimu alifika alasiri, mkoba bado begani. Alipoambiwa habari ya namba alikaa juu ya ndoo ya gundi iliyofunikwa na kushika kichwa. Rula akampa nakala. Akaipitia yote, uungano baada ya uungano, midomo ikicheza. Walimsubiri kama washtakiwa.

"Iko sawa," alisema. "Yote. Nani aliwasaidia?"

Wakaanza kueleza kwa pamoja. Bi Sindano alieleza kwa nini Uhindu hauna mwanzilishi. Rula akamsahihisha mwalimu palipohusu sala, akisema adhuhuri ni rakaa nne, kwa kuwa alizihesabu kwa miaka mingi nyuma ya rafu bila kujua kwamba anahesabu. Mwalimu aliwatazama, mmoja na mwingine.

"Mje darasani," alisema.

"Kufanya nini?" aliuliza Bi Sindano. "Mimi niliachia darasa la saba."

"Kuongea kama mnavyoongea sasa."

Walishona usiku kucha, na Ijumaa vitabu vilipelekwa, wageni wakaja, wakaondoka. Jumatano iliyofuata Bi Sindano alisimama mbele ya wanafunzi arobaini na wawili, katika shule ambayo sare zake alizijua kwa kuziona zikipita dirishani. Alikuwa amevaa nguo yake nzuri. Mwanzoni alirudia salamu mara tatu. Rula akamwokoa kwa kuwaambia watoto ile habari ya upepo na dirisha, yeye mwenyewe akijicheka, na darasa likalegea. Baada ya hapo Bi Sindano aliongea. Alieleza asili mbili: moja yenye mtu, mahali na mwaka, nyingine kama mto uliokusanya vijito vingi. Alieleza maisha ya mara moja na maisha ya mara nyingi. Alipotaja meno ya kuota mara ya pili, hata mwalimu alifunika uso kwa kitabu.

Msichana wa mstari wa nyuma akanyoosha mkono. "Sasa nani yuko sahihi?"

Rula akamtazama Bi Sindano, naye akaona kwamba hilo ni lake.

"Mimi naamini yangu ndiyo ya kweli," alisema. "Nisingeamini hivyo nisingeisali. Kaka huyu anaamini njia yake. Sitawadanganya kwamba ni kitu kimoja, maana tumejaribu kuzichanganya Jumanne na tukalazimika kufumua nakala arobaini. Lakini nimekaa naye miaka ishirini na sita, funguo za karakana anazo yeye, na mwanangu alipougua ni yeye aliyembeba mpaka hospitali, mume wangu akiwa safarini. Haya mengine Mungu atayahukumu, si mimi."

"Kwetu matendo yenyewe ndiyo yatahukumu," alisema Rula.

"Unaona? Hata hapo tunaachana," alisema Bi Sindano, na watoto wakacheka.

Tangu siku hiyo alianza kusoma vitabu kabla ya kuvishona, nusu saa kila asubuhi, kidole chini ya mstari. Wateja walilalamika kidogo kwamba kazi imechelewa, na Rula aliwajibu kwamba fundi yuko ukurasa wa tisini. Nakala moja ya kitabu cha mwalimu ilienda kwa mama yake Rula, aliyeiomba ingawa hakuweza tena kuona herufi. Kwa hiyo Jumamosi alasiri Bi Sindano humwendea, akaketi kando ya kiti chake na kumsomea. Walianza na sura za Uislamu, kwa kuwa zake mwenyewe bibi alisema anazijua. Miezi minne imepita na wamemaliza kurasa nane tu, kwa sababu bibi humkatiza kila baada ya mistari miwili akitaka kujua zaidi, na Bi Sindano hukunja ukurasa, akampigia simu kaka yake maalimu, na wote watatu wakaanza upya.